La Mgambo Ndani ya Seli: Zinki, Mtoto Anayeharisha na Vidonge Vinavyobaki

Katika zahanati na vituo vya afya vya Musoma, Bunda na Butiama, mtoto mdogo anayeharisha hupewa vitu viwili: pakiti za ORS na vidonge vya zinki. ORS huchanganywa siku hiyohiyo, kwa kuwa kiu ya mtoto na macho yaliyoingia ndani ni mambo yanayoonekana. Zinki nayo huanza vizuri. Siku ya kwanza kidonge huyeyushwa kwenye kijiko, siku ya pili vivyo hivyo, na pengine siku ya tatu. Kuhara kukikoma, mara nyingi vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini, vikisubiri kuhara kwingine au mtoto wa jirani.

Si haki kumlaumu mzazi kwa jambo hili. Amepewa dawa ya kuhara, kuhara kumekwisha, kwa mantiki yake dawa imemaliza kazi. Aliyemwambia aitumie kwa siku 10 hakumweleza ni kwa nini, na huenda hata mhudumu mwenyewe hakuwahi kuelezwa zaidi ya kwamba zinki ni madini yanayoongeza kinga. Maneno hayo si ya uongo, lakini hayamwezeshi mtu kuona tofauti kati ya kazi ya kidonge cha kwanza na ya kidonge cha kumi. Maelezo bora yapo. Yanatokana na elimu iliyokomaa katika miongo miwili iliyopita, nayo ni kwamba zinki mwilini haifanyi kazi ya tofali peke yake. Hufanya pia kazi ya mjumbe. Elimu hiyo haifai kubaki katika maabara za mbali. Ina jambo la kumwambia mganga wa zahanati ya Butiama, muuzaji wa duka la dawa muhimu la Bunda, na mama anayenunua dagaa mwaloni Musoma.

Tofali na msumari

Wakazi wengi wa Mara wanaishi chini ya zinki bila kuitaja jina: ndiyo metali inayopakwa juu ya chuma cha bati ili paa lisishikwe na kutu. Mwilini ni kidogo sana. Mtu mzima hubeba takriban gramu 2 hadi 3 tu, zilizotawanyika katika misuli, mifupa, ngozi, ini na ubongo. Kwa muda mrefu wataalamu waliihesabu kama kifaa cha ujenzi. Mwaka 1940, huko Cambridge, Keilin na Mann walionyesha kuwa kimeng'enya kinachowezesha damu kubeba kaboni dayoksaidi kina zinki ndani yake. Orodha ikaendelea kurefuka, na leo inakadiriwa kuwa takriban protini moja katika kila kumi za binadamu hushikamana na zinki. Katika nyingi ya hizo, zinki hukaa kama msumari kwenye fremu ya mlango: ukiung'oa, mlango huanguka.

Madhara ya kukosa msumari huo yalijulikana kwa binadamu baadaye. Mwaka 1958 huko Shiraz, Iran, daktari Ananda Prasad alimpokea kijana wa miaka 21 aliyekuwa na umbo la mtoto wa miaka 10. Chakula chake kikuu kilikuwa mkate usiotiwa hamira, na alikuwa na mazoea ya kula udongo. Taarifa ya wagonjwa wa aina hiyo ilichapishwa mwaka 1961, na tafiti zilizofuata Misri zilithibitisha kuwa upungufu wa zinki ulichangia kudumaa kwao. Msomaji wa Kanda ya Ziwa hatakiona kisa hiki kuwa cha ugeni. Milo inayotegemea nafaka isiyochachushwa inafahamika hapa, na udongo wa kula huuzwa masokoni.

Hata hivyo, msumari hauelezi kila kitu. Upungufu mdogo wa zinki, usiotosha kuangusha milango yote, huweza kudhoofisha kinga, kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha uponaji. Ni kana kwamba mwili hauombolezi upotevu wa matofali pekee, bali pia kukatika kwa mawasiliano. Hapo ndipo watafiti walipogeuka na kuitazama zinki ile ndogo isiyofungwa katika protini yoyote.

Sifa za mjumbe

Ili kitu kiitwe mjumbe ndani ya seli, hakina budi kutimiza masharti manne. Kwanza, kiwekwe kando, mahali maalumu, kikisubiri kutumwa. Pili, kiachiliwe kwa sababu inayoeleweka. Tatu, awepo mpokeaji ambaye tabia yake hubadilika ujumbe unapofika. Nne, kiondolewe upesi baada ya kazi, kwa maana ujumbe usiokoma si ujumbe tena, ni kelele. Kalisi ilitambuliwa zamani kuwa inatimiza masharti hayo. Ndiyo inayoamuru misuli kukaza. Zinki ilichelewa kutambuliwa kwa sababu ni vigumu kuiona: ndani ya seli, sehemu kubwa sana ya zinki imefungwa katika protini, na ile iliyo huru ni kidogo kupita kiasi.

Uchache huo ndio nguvu yake. Mahali palipo kimya, hata mnong'ono husikika. Seli hutumia nguvu nyingi kuulinda ukimya huo. Kwenye kuta zake na kwenye kuta za vihifadhi vilivyomo ndani yake kuna milango ya protini ya koo mbili: ukoo wa ZIP, wenye protini 14, huingiza zinki katika ute wa seli, na ukoo wa ZnT, wenye protini 10, huiondoa humo. Kando ya milango hiyo yupo mtunza ghala aitwaye metalothionini, protini iliyotengwa kwa mara ya kwanza kutoka katika figo ya farasi mwaka 1957. Yeye hukamata zinki inayozidi na kuiachia inapohitajika.

Mwaka 2007, watafiti wa Japani walionyesha kuwa seli za kinga zinazohusika na mzio, zinapochokozwa, huachia wimbi la zinki ndani yake katika muda wa dakika chache. Wimbi hilo halikutoka nje ya seli. Lilitoka katika ghala la ndani. Mwaka 2012, watafiti wa Uingereza walieleza jinsi mlango mmoja wa ghala hilo, ZIP7, unavyofunguliwa: kimeng'enya kingine huubandika fosfeti, nao hufunguka kama kufuli lililopata ufunguo wake. Zinki ikishatoka, huwaendea wapokeaji wake. Miongoni mwao ni vimeng'enya viitwavyo fosfatasi, ambavyo kazi yake ni kama breki: huzima amri za kukua, kugawanyika na kujihami. Zinki huibana breki isikamate, na amri hudumu kwa muda mrefu zaidi. Kisha milango ya ZnT na metalothionini huiondoa zinki, breki hurudi, na ukimya hurejea.

Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Baragumu la mgambo lilikuwa na maana kwa sababu halikulia kila siku. Lilipolia, watu waliacha majembe wakakusanyika. Liliponyamaza, walirudi shambani. Zinki ndani ya seli hufuata kanuni hiyohiyo, na kanuni hiyo ndiyo ufunguo wa kila hoja inayofuata.

Wajumbe hawa hawako katika seli za kinga pekee. Katika ubongo, baadhi ya neva huhifadhi zinki katika vifuko vidogo na kuitoa pamoja na kemikali nyingine zinapozungumza na neva jirani. Katika kongosho, insulini huhifadhiwa ikiwa imeshikamana na zinki hadi mwili unapoihitaji. Hata mwanzo wa uhai una ujumbe huu: mwaka 2011 ilionyeshwa kwa panya, na mwaka 2016 kwa mayai ya binadamu, kwamba yai linapoamshwa kuanza safari ya kuwa kiinitete hurusha nje mabilioni ya atomi za zinki kama cheche. Kuondoka kwa zinki hiyo ndiko kunakoliruhusu yai kuendelea na hatua inayofuata. Hapo ujumbe si kufika kwa mjumbe, bali kuondoka kwake.

Ujumbe unaofika utumbo

Turejee kwa mtoto anayeharisha. Katika kuhara kwa majimaji, mfano wake mkali ukiwa kipindupindu, sumu ya kijidudu huziamuru seli za utumbo zisukume kloraidi kuelekea ndani ya utumbo. Chumvi ikitoka, maji huifuata. Ili seli iendelee kutoa kloraidi, ni lazima wakati huohuo iachie potasiamu kupitia milango iliyo upande wake wa nyuma, ule unaoelekea damu. Utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 2005 kwa kutumia utumbo wa panya ulionyesha kuwa zinki huiziba milango hiyo ya potasiamu. Mlango wa nyuma ukizibwa, bomba la mbele hupungua nguvu. Aidha, seli za utumbo zina kipokezi kwenye uso wake, GPR39, kinachoitambua zinki iliyo nje na kuanzisha ndani ya seli amri za kuimarisha viungo vinavyozishikanisha seli jirani. Utumbo uliochakazwa na maambukizi huhitaji mambo hayo mawili: kupunguza uvujaji leo, na kujenga ukuta kwa ajili ya kesho.

Neno kesho ni muhimu. Seli zinazofunika ukuta wa utumbo hazidumu. Hubadilishwa kwa mpya kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Kuhara kunapokoma siku ya tatu, mtoto bado anao ukuta uliojeruhiwa, na kizazi kipya cha seli ndiyo kwanza kinazaliwa. Kila seli inayogawanyika inahitaji zinki kama msumari na kama mjumbe, ilhali kinyesi cha majimaji kimeondoka na sehemu ya akiba. Hii ndiyo sababu ya kibiolojia ya kumpa mzazi, badala ya amri tupu ya siku 10.

Lipo jambo jingine ambalo mhudumu anapaswa kulijua. Wakati wa maambukizi, mwili wenyewe huihamisha zinki. Kiwango chake katika damu hushuka kwa sababu ini huivuta, na chembe nyeupe za damu hutoa protini iitwayo kalprotektini inayowanyima bakteria zinki ili wasizaliane. Kwa hiyo kipimo cha zinki katika damu ya mtoto mgonjwa ni mwongozo dhaifu. Huonyesha vita vinavyoendelea pamoja na akiba iliyopo. Uamuzi wa kumpa zinki mtoto anayeharisha hautegemei maabara, na hilo ni jambo la heri kwa zahanati isiyo na maabara kubwa.

Ushahidi wa nyumbani

Mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza kwa pamoja kwamba kila mtoto anayeharisha apewe ORS ya aina mpya na zinki: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Tafiti zilizokusanywa baadaye zilionyesha kuwa kwa watoto wenye umri zaidi ya miezi 6 zinki hupunguza muda wa kuhara kwa takriban nusu siku, na kwa wenye utapiamlo takriban siku nzima. Zilionyesha pia kasoro: baadhi ya watoto hutapika.

Swali la kasoro hiyo lilijibiwa kwa sehemu hapa Tanzania. Jaribio lililofanyika Tanzania na India, ambalo upande wa Tanzania liliwashirikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, lilichapisha matokeo yake mwaka 2020. Watoto 4,500 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 waligawanywa katika makundi matatu: miligramu 20, 10 au 5 kwa siku. Dozi ndogo hazikuwa dhaifu kuliko kubwa katika kutibu kuhara. Lakini kutapika ndani ya nusu saa baada ya dawa kulipungua: asilimia 19.3 kwa waliopewa miligramu 20, asilimia 15.6 kwa miligramu 10, na asilimia 13.7 kwa miligramu 5.

Matokeo hayo hayathibitishi peke yake kwamba zinki ilifanya kazi kama mjumbe. Hata hivyo, yanaafikiana na fikra hiyo kuliko na fikra ya tofali. Kama kazi ingekuwa kujaza ghala tu, tungetarajia robo ya mzigo ilete robo ya faida. Mjumbe hapimwi kwa uzito wake. Inafaa pia kuangalia kitu ambacho jaribio halikukigusa: makundi yote matatu yalipewa dawa kwa siku 14. Kilichopunguzwa kilikuwa kipimo; siku hazikupunguzwa, na hakuna kundi lililopewa siku tatu. Mzazi anayeacha siku ya tatu hawezi kupata faraja katika utafiti huo. Anayestahili faraja ni yule ambaye mtoto wake hutapika kidonge: arudi kituoni akaulize, kabla ya kukata tamaa na kuacha kabisa.

Haba na haba si kanuni ya mjumbe

Kutoka hapa mtu anaweza kuruka upesi na kusema: ikiwa zinki ni njema kiasi hicho, basi wapewe watoto wote, kila siku, kwa kila ugonjwa. Wazo hilo limekwisha kupimwa katika nchi hii na kwa jirani, na jibu linahitaji unyenyekevu. Kisiwani Pemba, zaidi ya watoto 42,000 walishiriki katika jaribio la kutoa zinki kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha vifo vilipungua kwa asilimia 7, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kutofautishwa na bahati. Huko Handeni, Tanga, matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa zinki haikuwakinga watoto na malaria. Huko Jinja, Uganda, kando ya Ziwa Victoria hilohilo, zinki haikupunguza maambukizi makali kwa watoto wenye selimundu. Ilhali kwa watoto wachanga wa Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zinki ya kila siku ilipunguza kuhara.

Anayeitazama zinki kama tofali ataona mkanganyiko hapa. Anayeitazama kama mjumbe ataona mpangilio: ujumbe hufaa pale penye mpokeaji anayeuhitaji, na kwa kiasi kikubwa mpokeaji huyo ameonekana utumboni. Haba na haba hujaza kibaba ni kanuni ya ghala. Mjumbe ana kanuni nyingine: afike kwa wakati, aseme lililo lake, aondoke.

Kuna hata mfano wa mjumbe asiyeondoka. Mtu anayemeza zinki nyingi kwa miezi mingi huzilazimisha seli za utumbo wake kutengeneza metalothionini nyingi kupita kawaida, kwa kuwa ndivyo ujumbe unavyoamuru. Metalothionini hiyo hukamata pia shaba inayotoka katika chakula. Seli za utumbo zinapokufa na kupukutika, shaba hutoka nazo. Mwisho wake ni upungufu wa shaba, wenye upungufu wa damu na hata udhaifu wa neva. Madaktari huutumia mlolongo huohuo kwa makusudi kutibu ugonjwa adimu wa shaba kurundikana mwilini. Kwa mtu asiye na ugonjwa huo, ni madhara. Wale wanaonunua vidonge vya zinki vya watu wazima na kuvimeza mwaka mzima kwa matumaini ya kinga au nguvu za kiume wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Samaki, mhogo na maji ya kulowekea

Vidonge ni kwa ajili ya ugonjwa. Siku nyingine zote, zinki lazima itoke katika chakula, na hapa Mara ina utajiri na umaskini katika sahani moja. Mhogo, ambao udaga na makopa yake hulisha familia nyingi za Majita, Bunda na Butiama, una zinki kidogo sana. Mahindi, mtama na maharage vina zinki kiasi, lakini vina pia fitate, kemikali ya mbegu inayoishika zinki na kuipitisha utumboni bila kuiachia. Kwa hiyo mtoto anaweza kushiba kande kila siku na bado seli zake zikakosa mjumbe.

Dawa ya fitate ilikuwa jikoni kabla ya maabara kuwapo. Kuloweka nafaka na maharage na kumwaga maji, kuchachusha uji, na kuotesha ulezi kuwa kimea huamsha vimeng'enya vinavyoivunja fitate. Bibi aliyempa mjukuu togwa hakujua neno fitate, lakini alifungua zinki iliyokuwa imefungwa. Utajiri mwingine uko ziwani. Dagaa huliwa mzima, kichwa, mifupa na tumbo, na kwa sababu hiyo hubeba madini mengi, zinki ikiwemo, kuliko kipande cha mnofu wa sangara. Inasikitisha kuona mzigo mkubwa wa dagaa ukiondoka mialoni kwenda kuwa chakula cha kuku, huku mtoto wa pwani ileile ya ziwa akila ugali wa udaga kwa mchuzi wa mboga pekee. Kijiko kimoja cha dagaa waliooshwa mchanga vizuri, wakakaushwa na kusagwa, kikitiwa katika uji au mboga ya mtoto, ni hatua ambayo familia nyingi za mkoa huu zinaweza kuimudu.

Serikali iliweka kanuni za urutubishaji wa vyakula mwaka 2011, na unga wa ngano na mahindi wa viwandani ni miongoni mwa vinavyopaswa kuongezewa virutubisho, zinki ikiwemo. Ni hatua njema. Lakini kaya zinazopeleka mhogo na mtama wao kwenye mashine ya kusaga ya kijijini hazifikiwi na kanuni hiyo. Kwao, kuloweka, kuchachusha na dagaa ndizo kanuni zilizo karibu.

Kinachopaswa kubadilika

Yupo atakayesema kuwa habari za milango ya seli ni anasa, wakati tatizo la kweli ni vidonge kuisha kituoni. Hoja hiyo ina uzito. Elimu haiwezi kuziba pengo la dawa isiyokuwepo, na halmashauri zinapaswa kuagiza ORS na zinki kwa pamoja, kama jozi ya viatu, kwa kuwa kimoja bila kingine ni nusu ya tiba. Lakini kidonge kilichofika kijijini na kubaki kabatini ni hasara ileile, tena yenye uchungu zaidi, maana gharama yake yote imekwisha kulipwa.

Yupo pia atakayesema mzazi hahitaji kujua sababu, anahitaji kufuata maelekezo. Uzoefu wa tiba unakataa. Mtu hudumu katika jambo analolielewa. Wala si lazima mama afundishwe fosfatasi. Inatosha mhudumu, akiwa amemwona mtoto akimeza kidonge cha kwanza palepale kituoni, aseme kwa Kiswahili, Kijita, Kizanaki au Kikurya: "Vidonge vya mwanzo vinasaidia kuzuia maji yasitoke, vinavyofuata vinasaidia kuujenga upya ukuta wa utumbo wa mtoto. Kuhara kukikoma, ukuta bado haujakamilika." Maneno hayo machache hayachukui dakika moja. Anayeyasema amefanya kazi ya mjumbe yeye mwenyewe.

Kwa hiyo kazi imegawanyika. Vyuo vinavyowafundisha wauguzi na waganga viache kuifundisha zinki kama mstari mmoja katika orodha ya madini. Viifundishe kama mfumo wa mawasiliano, ili mhitimu ajue sababu za kipimo na za muda. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wakiombwa dawa ya kufunga tumbo la mtoto, watoe ORS na zinki, wala si antibayotiki kwa mazoea. Na mtoto mwenye damu katika kinyesi, aliyelegea au asiyeweza kunywa apelekwe kituoni mara moja. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba, waulize swali moja siku ya tano: "Vidonge vimebaki vingapi?" Jibu la swali hilo litaueleza ubora wa huduma kuliko idadi ya pakiti zilizogawiwa.

Watafiti nao wana deni. Majaribio makubwa yamefanyika Pemba, Handeni na Dar es Salaam. Mkoa wa Mara, wenye mhogo mwingi, dagaa wengi na watoto wengi wenye selimundu, unastahili kuulizwa maswali yake yenyewe: ni kiasi gani cha zinki ya udaga na dagaa humfikia mtoto, na ni maelezo gani yanayomfanya mzazi amalize siku zote. Swali la pili halihitaji darubini. Linahitaji daftari, subira na mtu aliye tayari kusikiliza.

Kiasi cha zinki kinachomsaidia mtoto kutoka katika kuhara na kurudi kucheza hakionekani hata kwenye ncha ya kidole. Kinafanya kazi kwa sababu kinafika kwa wakati, kwa kipimo, na kwa siku zake zote. Huduma ya afya nayo iwe hivyo.